Kasi uliyolipia haifiki: isome namba kabla hujanunua ruta mpya

Umelipia megabiti 300, simu inaonyesha 40. Wazo la kwanza ni kwamba mtoa huduma anakupunja. La pili ni kwenda kununua ruta kubwa zaidi, ile yenye antena sita. Nimeona watu wakifuata mawazo hayo yote mawili: huyu akagombana na huduma kwa wateja wiki nzima, yule akatoa pesa nzuri kwa ruta mpya, na namba ikabaki palepale. Inauma, kwa sababu mara nyingi jibu lilikuwa ndani ya namba yenyewe. Kipimo cha kasi kikigota 94 kinasema jambo moja. Kikigota 20 na ushee hata ukiwa umekaa kando ya ruta, kinasema jingine. Kikipanda na kushuka kadiri unavyozunguka nyumbani, ni habari ya tatu. Ukijua kuisoma, utajua kama unahitaji ruta mpya au la, na kama unaihitaji, utajua ni ipi.

Pima kwa waya kwanza

Kipimo cha simu ukiwa umelala kitandani hakitoshi, maana kinachanganya mambo matatu: laini ya mtoa huduma, ruta, na Wi-Fi. Yatenganishe. Chukua laptopu yenye poti ya mtandao, iunganishe na ruta kwa kebo, zima Wi-Fi ya hiyo laptopu, na waombe wenzako nyumbani wasimamishe video zao kwa dakika tano. Pima mara tatu. Rudia jioni, saa ambazo kila mtu yuko mtandaoni. Kisha, kama kisanduku cha mtoa huduma na ruta ni vitu viwili tofauti, itoe ruta njiani kabisa: chomeka laptopu moja kwa moja kwenye kisanduku kile kinachopokea faiba, upime tena. Huduma nyingine hudai jina la mtumiaji na nywila, ambazo kwa kawaida ruta ndiyo huziingiza. Hapo utaziweka kwenye laptopu kwanza.

Linganisha majibu. Ikiwa kisanduku chenyewe kinatoa kasi ndogo, hakuna ruta duniani itakayoiongeza. Huyo ni mtoa huduma, na sasa una namba za kumwonyesha. Ikiwa kisanduku kinatoa kasi kamili lakini kupitia ruta inashuka, basi ni ruta au kebo. Na ikiwa waya unatoa kasi kamili hata kupitia ruta, achana na mtoa huduma, tatizo ni Wi-Fi.

Angalia pia unasoma kipimo gani. Intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps, kwa b ndogo. Programu nyingi za kupakua mafaili huonyesha megabaiti, MB, kwa B kubwa, na baiti moja ni biti nane. Faili linaloshuka kwa MB 12 kila sekunde linatumia karibu megabiti 96. Mwenye kifurushi cha 100 akiona 12 asilalamike; anapata karibu yote.

Dalili: kasi inagota 94 au 95, haizidi hata kidogo

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haidanganyi. Poti ya mtandao ya kizazi cha zamani hupitisha megabiti 100 kwa sekunde. Sehemu ndogo ya hizo huliwa na anwani na maelezo yanayosafiri pamoja na data, na kinachobaki mkononi mwako ni kama 94 au 95. Kwa hiyo mtu mwenye kifurushi cha 200, 300 au 500 akiona 94 leo, 94 kesho, 94 asubuhi na usiku, ajue kuna mahali njia imebanwa kuwa ya 100. Msongamano wa mtandao hauwi na nidhamu hiyo. Wenyewe hupanda na kushuka.

Mahali penyewe ni patatu. Pa kwanza ni poti ya ruta. Kuna ruta nyingi za bei nafuu zilizoandikwa AC1200, namba ya Wi-Fi nitakayoieleza mbele, kwa herufi kubwa mbele ya boksi, huku poti zote nyuma yake zikiwa za 100. Wi-Fi yake inaweza kubeba zaidi ya hapo, lakini intaneti inaingia kwenye ruta kupitia tundu la 100, basi na simu yako itapata 94. Usisome mbele ya boksi, soma ukurasa wa vipimo. Ikiandikwa 10/100, ni hiyo ya zamani. Ikiandikwa 10/100/1000 au gigabiti, ni nzima. Hakikisha poti ya WAN, ile inayopokea intaneti, nayo imetajwa.

Pa pili ni kebo, na hapa nina kisa changu. Laini yangu ya 200 ilifanya kazi vizuri kwa miezi, kisha siku moja ikawa 94. Nikazima na kuwasha ruta. Nikapiga simu kwa mtoa huduma, wakapima kutoka kwao, wakasema laini ni nzima. Nilikasirika, nikaona wananizungusha. Siku ya pili nikapiga magoti na tochi, nikaifuata kebo kwa vidole kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye ruta. Ilipita chini ya mlango, na pale kizingitini ganda lilikuwa limebapa, gumu, kama mahali palipokanyagwa mara elfu. Nikaweka kebo nyingine, kasi ikarudi saa ileile. Ile ya zamani niliichana kwa kisu pale ilipobapa: ndani mna nyaya nane nyembamba zilizosokotwa jozi nne, na waya mmoja wa bluu ulikuwa umekatika.

Waya mmoja tu, na intaneti haikukatika. Sababu ni hii: kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu kati ya zile nne. Kasi ya gigabiti huzitaka zote. Jozi ya bluu au ya kahawia ikipata hitilafu, vifaa vya pande mbili hujadiliana na mara nyingi hukubaliana kushuka hadi 100, bila kukuambia neno. Ndiyo maana nasema badilisha kebo kabla ya kubadilisha ruta. Tafuta iliyoandikwa Cat5e au Cat6 kwenye ganda lake. Cat5e inabeba gigabiti moja hadi mita 100, na hiyo inatosha nyumba karibu zote. Itazame na kichwa chake: kupitia plastiki inayopitisha mwanga unaweza kuzihesabu nyaya. Ukiona nne badala ya nane, kebo hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya 100 na haitazidi hapo.

Pa tatu ni kompyuta yenyewe, au kile kiunganishi cha USB unachotumia kwa sababu laptopu haina poti. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao, sehemu ya sifa za muunganisho, usome kasi ya kiungo. Ikisema 100/100, umebanwa. Ikisema 1000/1000, upande huo ni salama. Baadhi ya ruta huonyesha jambo hilohilo kwa rangi ya taa ya poti.

Neno moja kwa mwenye kifurushi cha 100: wewe 94 ndiyo kasi yako. Usinunue ruta ya gigabiti kwa ajili ya megabiti sita.

Dalili hii ina dada yake mkubwa. Mwenye kifurushi cha gigabiti moja hugota kwenye 940 hivi, kwa hesabu ileile, na hana la kurekebisha. Mwenye kifurushi kinachozidi gigabiti anahitaji ruta yenye poti ya WAN ya gigabiti 2.5, na kama anataka kompyuta moja iione kasi yote, basi poti ya LAN, ile ya kuchomeka vifaa vya nyumbani, iwe ya 2.5 pia, na kompyuta yenye poti kama hiyo.

Dalili: kwa waya ni 300, kwa Wi-Fi ni 40 hata ukiwa karibu

Kwanza tazama simu imeshika masafa gani. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili: GHz 2.4, yanayofika mbali lakini ni membamba na yamejaa watu, na GHz 5, yenye nafasi kubwa lakini yasiyopenda kuta. Kwenye 2.4, katika jengo lenye majirani, kupata megabiti 30 hadi 60 ni hali ya kawaida kabisa. Ikiwa ruta yako ni ya masafa ya 2.4 peke yake, mara nyingi huandikwa N300, na kifurushi chako ni cha 200, hapo ndipo ruta mpya ina haki yake. Ikiwa ina masafa yote mawili lakini simu inang'ang'ania 2.4, ipe kila masafa jina lake kwenye mipangilio, uunganishe simu na ile ya 5.

Kama kipimo kinagota kati ya 20 na 25 ukiwa hatua mbili tu kutoka kwenye ruta, angalia aina ya ulinzi wa Wi-Fi kwenye mipangilio ya ruta. Ruta iliyowekwa WEP, au WPA ya zamani inayotumia TKIP, hairuhusiwi na kanuni za Wi-Fi kutumia kasi mpya. Hurudi kwenye megabiti 54 za enzi zile, na 54 za kwenye karatasi huwa 20 na kitu mkononi. Badilisha iwe WPA2 yenye AES, au WPA3, na kasi itaruka dakika hiyohiyo. Nakusihi ufanye hivyo hata kama kasi haikusumbui, kwa sababu ulinzi ule wa zamani huvunjwa kirahisi.

Sasa hizo namba za kwenye boksi. AC1200 haina maana ya megabiti 1200 kwenye simu yako. Ni 300 za masafa ya 2.4 zikajumlishwa na 867 za masafa ya 5, zikakadiriwa kuelekea juu. Simu hutumia upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo dari yake ni 867. Na hiyo 867 ni kasi ya mawimbi yenyewe, kabla ya kusubiriana, kurudiarudia na maelezo ya safari. Kinachofika ni nusu hadi theluthi mbili. AX3000 vivyo hivyo: 574 na 2402, na hizo 2402 zinataka kifaa chenye antena mbili kinachoweza kutumia chaneli pana ya MHz 160. Simu nyingi hutumia 80, na dari yao huwa 1201. Ruta ya antena nane haiipi simu antena zaidi ya mbili ilizozaliwa nazo.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu ruta, chukua kifaa kipya zaidi katika nyumba, hata cha mgeni, upime mahali palepale. Kama simu yako inapata 45 na ya mgeni 280, tatizo umelishika mkononi.

Dalili: sebuleni 250, chumba cha mwisho 15

Hapa ruta yenye kasi kubwa zaidi hailingani na tatizo. Linalotakiwa ni mahali. Ukuta wa zege, tangi la maji, kioo kikubwa, jokofu na kabati la chuma humeza mawimbi. Toa ruta nyuma ya runinga, itoe sakafuni, iweke juu na karibu na katikati ya nyumba, kisha pima tena kabla ya kutumia hata senti.

Watu hutafuta ruta yenye nguvu. Mazungumzo ya Wi-Fi ni ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti, simu hailingani nayo kwa sauti. Baa zinajaa kwenye kioo, lakini majibu ya simu hayarudi, na video inazunguka. Tena nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria, kwa hiyo tofauti kati ya ruta na ruta si kubwa kama matangazo yanavyodai.

Dawa ya kweli ni kituo cha pili karibu na chumba hicho, kilichounganishwa na ruta kwa kebo. Kebo haichoki wala haina ukuta. Kama haiwezekani kupitisha kebo, kuna vifaa vya mtandao wa mesh, yaani vituo kadhaa vinavyoshirikiana bila waya, na vilivyo bora vina masafa ya tatu ya kuzungumziana vyenyewe. Kirudishi cha kawaida cha kuchomeka ukutani hupokea na kurusha kwa masafa yaleyale, kwa hiyo hukata kasi karibu nusu. Kiweke nusu ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri. Ukikiweka ndani ya chumba chenye shida, kitarudia udhaifu huohuo.

Dalili: mchana safi, jioni vurugu

Rudi kwenye kipimo cha waya cha jioni. Waya nao ukishuka, laini ya mtoa huduma imejaa. Waya ukiwa imara na Wi-Fi ikayumba, ni majirani. Kwenye GHz 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11. Chagua moja kati ya hizo, wala usikae kwenye 3 ukidhani umekwepa watu, maana hapo unagongana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Upana wa chaneli uwe MHz 20. Vifaa vinavyoweza vihamishie GHz 5.

Kuna wakati Wi-Fi ya GHz 5 hupotea kabisa dakika moja au zaidi kisha ikarudi yenyewe. Baadhi ya chaneli za 5 hutumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada lazima ihame. Ikikutokea mara kwa mara, ifunge kwenye chaneli kati ya 36 na 48.

Dalili: kasi ni nzuri, lakini mazungumzo ya video yanakatika mtu akipandisha mafaili

Hii inawatesa watu wengi na karibu hakuna anayeitaja anapouza ruta. Kipimo kinaonyesha 100, na bado mwalimu wa mwanao anaganda kwenye skrini kila simu ya mtu ikianza kupandisha picha za jana. Kasi ipo. Kilichoharibika ni foleni. Ruta au kisanduku kina ghala ndani la kuhifadhi data inayosubiri kutoka. Ghala likiwa kubwa kupita kiasi, picha zinalijaza, na sauti yako, ambayo ni kipande kidogo cha data chenye haraka, inakaa nyuma ya mlolongo wote.

Ipime hivi. Tazama muda wa data kwenda na kurudi, unaoitwa ping, mtandao ukiwa umetulia, tuseme milisekunde 20. Kisha anza kupandisha faili kubwa, utazame tena. Ikifika 40 au 50, sawa. Ikiruka hadi 400 au zaidi, ndiyo hiyo. Dawa inaitwa SQM: ruta hupanga foleni kwa haki badala ya anayewahi kupata. Utaiwekea kasi pungufu kidogo ya laini yako, kama asilimia 90 ya ulichopima kwa waya, ili foleni ijengeke kwenye ruta unayoimudu badala ya kwenye kisanduku usichokigusa. Mimi ningechukua ruta ya kawaida yenye SQM nzuri kabla ya ruta ya kifahari isiyo nayo. Ila kazi hiyo hula prosesa, na kadiri laini ilivyo na kasi ndivyo prosesa inavyotakiwa kuwa na nguvu.

Prosesa ndiyo chanzo cha dalili nyingine pia: waya ulikuwa unatoa 600, ukawasha VPN (njia ya siri inayoficha data yako) ndani ya ruta au udhibiti wa watoto, ukashuka hadi 80. Ruta nyingi hupitisha data kwa njia ya mkato ya kielektroniki, na huduma hizo huizima. Zima moja baada ya nyingine huku ukipima. Kama unaihitaji VPN, kati ya aina zake WireGuard ni nyepesi kuliko OpenVPN.

Ruta ipi basi

Kwa laini hadi 100, ruta yoyote ya masafa mawili inatosha, lakini chukua yenye poti za gigabiti, kwa sababu vifurushi hukua na ruta hukaa miaka. Kati ya 100 na 500, tafuta Wi-Fi 6 (kizazi kinachoandikwa AX), AX1500 hadi AX3000, poti zote za gigabiti. Ukikaribia gigabiti moja, AX3000 ndiyo mahali pa kuanzia, na bado runinga na kompyuta kubwa ziende kwa kebo. Juu ya gigabiti, poti ya 2.5 ni lazima. Wi-Fi 7, ambayo vifaa vyake vilianza kupewa cheti rasmi Januari 2024, ni nzuri kwa mwenye simu na laptopu zinazoijua. Kwa mwingine itafanya kazi kama Wi-Fi 6 ya bei ya juu. Jambo ambalo nisingelegeza kamba ni masasisho: angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama ruta hiyo bado inatolewa programu mpya za usalama.

Kisanduku cha mtoa huduma kikiwa na Wi-Fi yake, izime utakapoweka ruta mpya, na uwaombe wakiache kipitishe intaneti tu bila kugawa anwani. Vinginevyo utakuwa na ruta mbili zinazofanya kazi moja, na michezo na kamera zitasumbua.

Siku ya kwanza, kabla ya kutupa boksi na risiti, rudia kipimo cha waya. Ikitoa 94 tena, hesabu nyaya kwenye vichwa vya ile kebo iliyokuja na ruta.